Historia ya Kanisa Letu, Ilivyosimuliwa Qurum

Barua ilifika Maskati ikiwa imepigwa muhuri wa kanisa mara tatu, mmoja juu ya jina langu. Ilitoka kwa katibu wa kanisa letu la Methodisti kijijini, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano. Kanisa jipya la matofali lilikuwa linakaribia kumalizika. Siku ya kulifungua kingetolewa kijitabu, na kamati ilikuwa imenichagua mimi niandike historia ya lile kanisa dogo la zamani, "kwa kuwa wewe uko Uarabuni ambako kompyuta ziko nyingi."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya binafsi huko Ruwi, na nilikaa Darsait na wauguzi wenzangu wawili katika fleti iliyokuwa juu ya karakana ya kutengeneza silensa za magari. Kompyuta niliyoijua ilikuwa moja tu, ya karani wa zahanati, Mhindi kutoka Kerala, ambaye aliifunika kwa kitambaa cha mezani na hakumruhusu mtu kuigusa. Nayo niliijua zaidi kuliko historia ya kanisa letu.

Kanisa lenyewe nililikumbuka vizuri. Lilikuwa chumba kimoja cha mawe, huko ndani bara ya Mombasa, na watu sitini waliingia iwapo hakuna aliyenenepa. Lilikuwa moja kati ya makanisa tisa ya vijijini yaliyokuwa chini ya mchungaji mmoja, kwa hiyo yeye tulimwona kila baada ya miezi miwili, akiwa amechoka. Jumapili nyingine walituhubiria wakulima na walimu waliotembea kutoka vijiji vya jirani, kila mmoja kwa zamu yake, kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni. Ukutani palikuwa na jiwe lililochongwa jina la mmisionari wa Kizungu. Na ubavuni palikuwa na dirisha la ajabu, pana sana, lililoshuka hadi usawa wa kiuno, lenye ubao mpana kwa chini kama meza. Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba liliwekwa ili wenye ukoma wapokee Meza ya Bwana wakiwa nje. Hakuna mtoto aliyekubali kukaa karibu nalo.

Nilimwandikia katibu nikimwomba anitumie habari zozote walizonazo wazee. Jibu lilichukua wiki tano. Lilisema: "Lilijengwa na wamisionari, zamani, kwa imani. Mengine utajaza."

Hapakuwa na pa kuuliza. Maskati tulisali Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama kawaida, na tulisali katika kiwanja kimoja na madhehebu mengine yote, kila moja kwa saa yake, huku wengine wakisubiri nje na watoto wao na vyakula vyao. Wamethodisti niliowajua pale tulikuwa wanne: Mghana mmoja, mke na mume kutoka Uingereza, na mimi. Niliwauliza kama wanajua lolote kuhusu makanisa madogo ya pwani ya Kenya. Yule Mwingereza alisema babu yake alibatizwa katika kanisa dogo la kijijini ambalo siku hizi ni duka la mazulia.

Basi mambo yakabaki hivyo hadi nilipopangiwa mgonjwa wa mtaa wa Qurum.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye kisukari na kidonda kibaya kwenye mguu wa kulia. Kazi yangu ilikuwa kukisafisha na kukifunga upya mara tatu kwa wiki, nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa kubwa na nyeupe, na magari yaliyoegeshwa uani yalizidi watu waliokuwemo ndani. Binti yake, aliyefanya kazi wizarani, alinipokea siku ya kwanza na kuniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake hapendi maneno mengi. Kwa wiki tatu nikamwambia yule bibi kwa Kiingereza inua, shusha, pole, tayari. Naye alitazama dari.

Siku moja mkasi ulinitoka mkononi ukaanguka karibu na kidole changu cha mguu, nikasema, "Mama wee!"

Bibi aliteremsha macho kutoka darini.

"Kumbe unasema Kiswahili," alisema. "Wiki tatu unanikorogea Kizungu humu ndani. Mtu wa wapi weye?"

"Shikamoo Bibi. Mimi ni wa Mombasa."

"Marahaba. Mombasa wapi?"

"Si mjini hasa. Kwa ndani kidogo."

"Huko ndani ndiko nnakokuuliza. Wapi?"

Nilimtajia kijiji. Sikuwa nimewahi kumtajia mtu yeyote Maskati jina la kijiji kile na akalijua, hata Wakenya wenzangu. Bibi akaniuliza:

"Kanisa bado linavuja upande wa kushoto?"

Nilikuwa nimeushika mguu wake. Niliuweka chini polepole, kama taratibu za kazi zinavyotaka, kisha nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, kinyume cha taratibu hizo hizo.

Baba yake, Mmanga kutoka bara ya Omani, alikuwa na duka kijijini kwetu, ng'ambo ya njia, likitazamana na kanisa. Bibi mwenyewe alizaliwa pale na kukulia pale mpaka alipoolewa Unguja akiwa na miaka kumi na tisa. Baadaye familia nzima ikaja Omani. Tangu hapo hakuwahi kurudi, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza habari za kule. Mumewe alikuwa mtu wa mjini. Watoto waliijua Unguja kwa kusimuliwa, na wajukuu waliijua Qurum.

"Kwa hiyo Bibi kanisani uliwahi kuingia?"

"Niingie kufanya nini? Mie Muislamu. Lakini dirisha lilikuwa wazi na baraza yetu ilikuwa hapa, na wenyewe wanapiga makelele. Miaka kumi na miwili, kila Jumapili. Mie nimesikia waadhi nyingi za kanisa lile kuliko weye."

Nilimwambia kuhusu barua ya katibu. Nilitarajia aone ni kichekesho. Aliniuliza kama nina kalamu.

Kuanzia siku hiyo nilifunga kidonda kwa dakika ishirini na kuandika kwa dakika arubaini. Binti yake aliporudi kazini mapema na kutukuta, alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akaagiza tuletewe kahawa. Baadaye aliniambia hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu mwaka uliotangulia.

Kanisa la kwanza, alisema Bibi, yeye hakuliona, lakini baba yake aliliona likianguka. Lilikuwa la udongo na makuti, na lilianguka siku ya Jumanne bila kumdhuru mtu, jambo ambalo wenyewe walilisifia kwa miezi. La pili ndilo hili la mawe. Ukuta wake ulipoanza kujengwa yeye alikuwa na miaka saba au minane. Fundi alikuwa mtu wa palepale kijijini, Mmethodisti mpya, na ndiye aliyekuwa amejenga duka la baba yake Bibi mwaka mmoja kabla.

"Na ndipo palipo na kisa," alisema Bibi. "Fundi yule alikuwa anajua kujenga kitu kimoja. Wamemwambia, tujengee kanisa. Kasema, sawa. Kajenga duka."

"Duka?"

"Si liko na baraza mbele? Si liko na dirisha pana ubavuni, na ubao wa kuwekea mizani? Kanisa gani lina dirisha la kuuzia sukari? Baba'ngu alipoliona alimwambia, fundi, hapa utakuja mkosanisha mchungaji na mie, watu watadhani nimefungua tawi. Fundi akasema, basi, watalitumia kwa upepo."

Nilimweleza kuhusu wenye ukoma. Alicheka mpaka ikabidi niurekebishe tena mguu.

Mmisionari ambaye jina lake liko kwenye jiwe alifika mara mbili, alisema Bibi. Mara ya kwanza alionyesha kwa fimbo mahali pa kujenga, nao walijenga penginepo kwa sababu pale alipoonyesha palikuwa na makaburi. Mara ya pili alikuja kulifungua, lakini gari lake likakwama matopeni mtoni, akafika jioni watu wameshasali, wameshakula na wameondoka. Alilifungua peke yake, mbele ya fundi na mbele ya baba yake Bibi, aliyekuwa amekuja kuangalia kuna nini. Walimpa chai. Mawe yalikuwa yamebebwa kichwani na wanawake, kutoka machimbo yaliyokuwa mwendo wa saa nzima, na majina yao hayakuwa kwenye jiwe lolote.

Yote haya niliyaandika. Nilidhani nimefika mwisho. Lakini Bibi alikuwa bado.

"Na yule mwanamke aliyekuwa akihubiri," alisema, "mmeandika nini juu yake?"

Nilimwambia kwamba kwetu hapakuwahi kuwa na mwanamke aliyehubiri zamani hizo. Hata siku hizi wako wawili, na kuna wanaume wanaotoka nje kuvuta hewa zamu zao zikifika.

Bibi akanisimulia. Mwaka mmoja mvua zilikuwa kubwa na mto ulijaa, na mhubiri wa zamu hakuweza kuvuka. Watu walikaa kanisani wakaimba nyimbo zote walizozijua, kisha wakazirudia. Ndipo mwanamke mmoja akainuka kutoka nyuma. Alikuwa na miaka kama ishirini na tano, mrefu, mwenye mwanya, na hakujua kusoma. Akasimama mbele akaanza kuhubiri habari za Hajiri.

"Huyo tunamjua sie," alisema Bibi. "Nikasogea ukingoni mwa baraza. Hata baba'ngu aliweka chini kibaba chake. Akasema yule mwanamke, Hajiri alikuwa mtumishi wa watu, wakamtesa, akakimbilia jangwani. Bwana wake hakuwahi kumuuliza kitu, wala bibi yake. Malaika ndiye wa kwanza kumuuliza: umetoka wapi, nawe unakwenda wapi? Akasema, niambieni ninyi, humu ndani, nani mara ya mwisho aliulizwa hivyo na mtu aliyetaka kujua jibu?"

Bibi alirudisha macho darini.

"N'likuwa na miaka kumi na mmoja," akasema. "Sijapata kuyasahau."

Wazee wa kanisa walikaa kikao juu ya jambo hilo, na walikaa kwenye baraza la duka kwa sababu ndani ya kanisa palikuwa panavuja, kwa hiyo Bibi alisikia kila kitu. Mmoja alisema mwanamke hawezi kuhubiri. Mwingine akasema, lakini amehubiri. Baada ya saa mbili wakaafikiana kwamba hakuhubiri, alishuhudia. Kushuhudia kuliruhusiwa. Kwa hiyo mvua zote za mwaka ule, na mwaka uliofuata, kila mhubiri alipokosekana, mwanamke yule alisimama kushuhudia, kwa muda wa saa nzima na hoja tatu. Watu walianza kuja kutoka vijiji vya jirani. Kuna wahubiri waliokuwa wanaweza kuvuka mto vizuri kabisa ambao walianza kutuma habari kwamba umejaa, kisha wakavuka na kukaa nyuma wamsikilize yeye.

Kisha akaletwa mchungaji mpya, aliyetaka mambo yaende kwa utaratibu. Alimshukuru yule mwanamke mbele ya watu na kumpa kazi ya kufagia.

"Khalas," alisema Bibi. "Hatukumsikia tena. Mie nikaolewa."

Nilimuuliza jina la yule mwanamke. Akanitajia.

Alikuwa dada yake nyanya yangu. Nilimjua vizuri; nilikua naye mpaka alipofariki nikiwa chuo cha uuguzi. Alikuwa kikongwe mkali, aliyefagia kanisa kila Jumamosi kwa hasira, na Jumapili alikaa benchi la nyuma na kulala. Alilala katika kila ibada, tangu somo la kwanza hadi baraka, kichwa kimeegemea ukuta. Alikuwa aibu ya ukoo wetu. Mama yangu alikuwa akinituma nikae kando yake nimfinye akianza kukoroma, na nilimfinya kwa nguvu, kwa sababu na mimi nilimwonea aibu.

Nilimwambia Bibi hayo yote. Nilikuwa nalia, kitu ambacho mkataba wangu haukukitaja lakini nadhani usingekiafiki.

"Alikuwa akilala?" Bibi aliuliza. "Mahubiri yote?"

"Yote."

Alifikiri.

"Haya, angefanya nini? Alikuwa anayajua."

Karani wa Kerala alikubali kunichapia baada ya saa za kazi, baada ya kusikia kwamba ni historia ya kanisa. Hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alirekebisha nafasi kati ya aya kwa ukali, na aliniuliza kwa nini ukurasa wa nne una machozi. Zilitoka kurasa tisa. Nilizituma kwa posta, nikabaki na nakala, nikasubiri jibu.

Jibu lilikuja na mihuri minne. Katibu alinishukuru sana kwa niaba ya kamati. "Tumepunguza kidogo," aliandika. Alikuwa ameambatanisha nakala iliyopunguzwa. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Duka halikuwamo. Fundi alikuwa amekuwa "mafundi, chini ya uongozi wa mmisionari". Gari halikukwama. Dirisha lilibaki na wenye ukoma wake. Kuhusu dada yake nyanya yangu paliandikwa sentensi moja, kwamba wanawake kadhaa walijitolea katika usafi.

Nilikwenda nayo Qurum nikamsomea Bibi, maana sikuweza kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kamati ina watu wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na wangapi walikuwepo?"

"Hakuna."

Aliomba mto wa kuegemea.

Likizo yangu ya mwaka iliangukia wiki ya ufunguzi. Kanisa jipya lilikuwa kubwa, lenye paa la bati jekundu, na lilijaa hadi nje. Katika ratiba ya siku hiyo niliwekwa kusoma historia, baada ya kwaya ya pili na kabla ya wageni wa heshima, kwa dakika tano. Katibu alinikabidhi ule ukurasa mmoja na nusu mwenyewe, ukiwa ndani ya plastiki. Mimi nilikuwa na zile kurasa tisa ndani ya mkoba. Sikuwa nimeamua kitu. Mpaka leo siwezi kusema niliamua. Nilifika mbele, nikafungua mkoba, nikaanza na kanisa la makuti lililoanguka siku ya Jumanne.

Watu walicheka kwenye duka. Kwenye gari lililokwama msimamizi wa wilaya alicheka pia, kisha akaangalia kama wengine wamemwona. Katibu alikohoa mfululizo kuanzia ukurasa wa pili. Nilipofika kwa mwanamke aliyehubiri, kicheko kiliisha. Nilisoma habari ya Hajiri kama Bibi alivyonipa, neno kwa neno, na nilipotaja jina nikasikia wanawake wa nyuma wakisema "Yule?" wao kwa wao.

Nilikuwa karibu kumaliza pale mzee mmoja aliposimama katikati ya benchi, kwa shida, akiwa ameshika bega la mtu wa mbele. Alikuwa mkubwa kuliko wote kijijini, na alikuwa hajasema lolote hadharani kwa muda mrefu.

"Huyu dada amesema uongo," alisema.

Katibu akaacha kukohoa.

"Halikuwa likivuja kushoto. Lilivuja kulia. Mimi nilikuwa nikikaa pale na mama yangu, nikilowa, nikimsikiliza huyo mama anayesemwa. Mengine yote ni kweli."

Akakaa.

Mzee mwingine akasema kutoka upande wa pili kwamba ilikuwa kushoto. Mabishano yalichukua dakika kumi na yakahitaji mchungaji kuingilia kati, na kwa muda huo hakuna aliyekumbuka kunikaripia. Baada ya ibada katibu alinijia. Alinitazama kama alivyonitazama darasa la tano.

"Nilikuambia dakika tano," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hizo karatasi nipe. Ziwekwe kwenye faili."

Ziliwekwa. Mwaka uliofuata kanisa la zamani lilifanywa darasa la watoto wadogo. Jiwe la mmisionari liko palepale. Chini yake kamati ilikubali kuongeza kibao cha mbao chenye jina la fundi na la dada yake nyanya yangu, na karibu na jina lake, baada ya vikao ambavyo sikuviuliza, waliandika "Mhubiri".

Nilirudi Maskati nikamsimulia Bibi. Habari ya kibao, ilipokuja baadaye kwa barua, aliipokea kwa kutikisa kichwa. Habari ya yule mzee ilimuudhi. Alitaka kujua ni mtoto wa nani, na nilipomwambia akasema hao walikuwa hawajui hata mkono wao wa kulia, ukoo mzima.

Kidonda kilifunga mwezi wa tatu baada ya hapo. Ilikuwa kazi nzuri, na daktari alisema hivyo. Binti yake alitia saini fomu, akanipa kopo la halua na kunisindikiza mpaka nje, akaniambia kwa Kiswahili, ambacho sikujua kama anakijua, niwe napita siku za Ijumaa. Nilipita mara kadhaa. Bibi alifariki miaka miwili baadaye. Nilikaa matangani na wanawake wa ukoo, nyuma, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwao.

Zahanati ilikuwa imenipangia mgonjwa mwingine, bwana mmoja wa Mutrah aliyevunjika nyonga. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu changu kibovu, kisha, kwa kujaribu tu, kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Karachi. Aliniomba nimfungulie televisheni.